Mdudu wa TB akiingia kifuani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Hapa Dodoma, Juni ikifika na upepo wa baridi ukaanza kurusha vumbi, kila kikohozi husingiziwa vumbi. Kikipitiliza wiki mbili, wapo wanaosema vumbi limegeuka TB. Haligeuki. TB huletwa na bakteria aliyetambuliwa na Robert Koch mwaka 1882, na husambaa hewani mgonjwa wa mapafu anapokohoa au kupiga chafya. Vumbi la kuogopa ni la mawe yanayosagwa machimboni, kwa sababu madini ya silika yaliyomo hudhoofisha chembe zinazolinda mapafu.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba ukishamvuta mdudu huyo, tayari unaumwa. Inakadiriwa robo ya watu duniani wameambukizwa, na katika kila 100 kati yao ni 5 hadi 10 tu watakaougua maishani. Wengine wanaokolewa na kazi inayofanyika kimyakimya kifuani. Makrofeji, chembe za ulinzi zinazokaa kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, humeza bakteria. Kwa kawaida kilichomezwa humwagiwa tindikali na vimeng'enya kikasagwa. Huyu wa TB huizuia hatua hiyo, akaishi na kuzaana humohumo ndani ya chembe iliyommeza. Hupita wiki kadhaa kabla chembe T, askari wengine wa kinga ya mwili, hazijaandaliwa kwenye tezi, zikafika mapafuni na kutoa kemikali iitwayo intaferoni gama, inayoyapa makrofeji nguvu ya kuua. Bakteria wanaosalia huzingirwa na chembe tabaka kwa tabaka, kama mifugo ndani ya boma la miba: wako hai, ila hawatoki. Mtu wa namna hii haumwi wala haambukizi.

Boma hilo linahitaji walinzi kila siku. VVU huangamiza chembe T za CD4, ambazo ndizo walinzi wenyewe. Kisukari, utapiamlo na ulevi navyo hulilegeza. Lakini kusema kila mwenye TB ana VVU ni uongo, tena uongo unaoua, maana watu wanajificha ndani badala ya kwenda kupima.

Wengine hudhani mashimo ya mapafu huchimbwa na mdudu peke yake. Sehemu kubwa ya uharibifu hutokana na mapambano ya kinga yenyewe. Ndiyo maana mtu ambaye VVU vimeshusha sana kinga yake anaweza kuwa na TB bila mashimo kwenye picha, na makohozi yake yasionyeshe kitu kwenye darubini. Hapo kipimo cha vinasaba vya bakteria husaidia sana.

Kovu la BCG begani? Chanjo hiyo huwakinga watoto wadogo dhidi ya TB kali, kama ile ya utando wa ubongo. Kwa mtu mzima kinga yake ni ndogo.

Mlonge ni mboga nzuri, uleni, ila hauui bakteria wa TB. Dawa ndizo zinazoua: kwa TB ya kawaida ni nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4, na vituo vya serikali hutoa bure. Kikohozi kinaweza kukoma mapema, huku bakteria wanaozaana taratibu wakiwa bado wamo. Ukiacha dawa, hao ndio wanaorudi, pengine wakiwa sugu. Na kama mgonjwa analala nyumba moja na watoto chini ya miaka 5, wapelekeni kituoni wakachunguzwe hata kama hawakohoi. Wasio na ugonjwa hupewa dawa ya kinga.