Masega ya gari si chujio, wala si mgodi wa dhahabu

Masega ni kile kifaa cha kauri kwenye bomba la moshi wa gari, kwa Kiingereza catalytic converter, kinachosafisha moshi wa injini. Tangu matangazo ya "Tunanunua masega" yaanze kubandikwa kwenye nguzo za umeme na milango ya gereji, maswali yanayoletwa maabara kwetu yamebadilika. Mwananchi anakuja na kipande cha kauri chenye vitundu na kuuliza kina dhahabu kiasi gani. Hakina. Wala hakina almasi, haidhuru aliyemsimulia ni nani. Kilichomo ni metali nyingine za thamani, platinamu, paladiamu na rodiamu, gramu chache tu kwa gari zima, zikiwa chembe ndogo mno zilizosambazwa juu ya kauri. Kwa kuwa maswali haya yanaongezeka, na kwa kuwa baadhi ya wanaouliza tayari wana nyundo mkononi, tumeona tueleze.

Tuanze na gereji. Mafundi wengi huwaambia wateja kwamba masega ni chujio la moshi, kwamba yakizeeka hujaa uchafu na dawa yake ni kuyatoa ili injini ipate nguvu na mafuta yaokolewe. Si kweli. Masega ni kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kuisha; hayahifadhi uchafu. Moshi unapopita, molekuli za kaboni monoksaidi hujishika juu ya platinamu au paladiamu, hukutana na oksijeni iliyokwisha kuvunjwa atomi mojamoja juu ya metali hiyohiyo, na huondoka zikiwa kaboni dayoksaidi. Mabaki ya petroli isiyoungua nayo humalizikia hapo. Rodiamu huvunja oksaidi za naitrojeni, naitrojeni ikarudi hewani kama ilivyokuwa. Metali yenyewe hubaki. Mkemia wa Kijerumani Gerhard Ertl alizifuatilia hatua hizi moja baada ya nyingine juu ya uso wa platinamu, na kwa utafiti wake wa kemia ya nyuso alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2007.

Kaboni monoksaidi huua kwa tabia hiyohiyo ya kupenda metali. Himoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu, ni changamano (metali iliyoshikwa na molekuli au atomi nyingine) lenye chuma katikati, na gesi hii hukishika chuma hicho kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Anayewasha gari lisilo na masega ndani ya banda lililofungwa akumbuke hilo kabla ya kufikiria mafuta aliyookoa.

Na hayo mafuta hayaokolewi. Masega mazima hayazuii moshi kwa kiasi cha kuinyima injini nguvu. Yanayozuia ni yale yaliyoyeyuka au kuvunjika, na hayo hayakujiharibu yenyewe. Plagi ikiwa mbovu au nozeli ikivuja, petroli mbichi huingia kwenye bomba la moshi na kuungulia juu ya kichocheo, joto likapita nyuzi 1,000, kauri ikalegea na kuziba. Fundi akiyatoa bila kutibu injini, ametoa shahidi na kuliacha kosa. Taa ya injini ikiwaka baada ya hapo, kwa sababu sensa ya oksijeni ya nyuma imegundua kwamba moshi haujasafishwa, wapo wanaoichomekea kipande cha bomba ili isione sawasawa. Huo si ufundi.

Kichocheo hiki kina adui zake, na vita na baadhi yao vilichukua miongo. Marekani ilipoanza kuwa na masega kwenye magari ya mwaka 1975, ilibidi vituo viwe na petroli isiyo na risasi, kwa sababu risasi hufunika metali na kuiua. Kusini mwa Sahara petroli yenye risasi iliondolewa kufikia mwisho wa 2005. Salfa ikafuata: tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa kila milioni. Kazi yote hiyo ilisaidia pia kukilinda kifaa ambacho sasa kinang'olewa kwa msumeno.

Watafiti hawajalala. Mwaka 2002 kundi lililowahusisha wataalamu wa kampuni ya magari ya Daihatsu huko Japani lilionyesha kichocheo ambacho paladiamu yake huingia ndani ya fuwele wakati moshi una oksijeni nyingi na kutoka tena moshi unapobadilika, hivyo chembe hazigandamani na kukua. Lengo ni kutumia metali kidogo kwa muda mrefu zaidi. Kwa rodiamu sababu inajieleza: sehemu kubwa huchimbwa Afrika Kusini, na mwaka 2021 bei yake ilipita dola 25,000 kwa aunsi moja. Ndiyo bei iliyoleta yale matangazo.

Sasa wenye nyundo. Kuvunja masega hutoa vumbi laini la kauri, na mkeka unaoyazunguka ndani ya bati mara nyingi una nyuzi zisizofaa kuvutwa mapafuni. Kibaya zaidi ni mafunzo ya video ya kuyeyusha metali nyumbani kwa mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki na asidi ya nitriki. Moshi wa kahawia unaotoka ni naitrojeni dayoksaidi. Mtu anaweza kuuvuta, akajiona mzima, mapafu yakajaa maji saa kadhaa baadaye. Na platinamu, ambayo ikiwa metali mtu huivaa kidoleni bila tatizo, ikiyeyushwa hivyo inakuwa changamano la kloraidi, na chumvi zake zinajulikana kusababisha pumu kwa wafanyakazi wa viwanda vya kusafishia. Viwanda. Vyenye mitambo ya kuvuta hewa. Sufuria ya uani haina.

Kuhusu taratibu. Kwa Tanzania, anayeingiza, kusafirisha, kuhifadhi, kuuza au kutumia kemikali za viwandani, asidi hizo zikiwemo, anapaswa kusajiliwa na Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Usajili wa duka haumhusu mteja wa duka, na risiti ya asidi si usajili. Tunalirudia kwa sababu tunaulizwa kila mara. Kuendesha shughuli bila usajili ni kosa la jinai.

Kwa wanaokusanya na kupeleka nje, vichocheo vilivyotumika vimetajwa katika orodha za Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, unaodhibiti usafirishaji wa taka hatari kati ya nchi na nchi. Vingine vinadhibitiwa na vingine havidhibitiwi, kutegemea aina na kilichomo, kwa hiyo mwenye mzigo asijiamulie, aulize mamlaka ya mazingira kwanza. Vinavyodhibitiwa huhitaji taarifa ya maandishi kwa nchi inayopokea na kila nchi ya kupitia, na ridhaa ya maandishi kabla mzigo haujaondoka. Hati ya usafirishaji huambatana na mzigo kuanzia unapotoka hadi unapoishia, na kila anayeupokea huisaini. Ridhaa iliyofika baada ya meli kung'oa nanga haihesabiwi. Mzigo uliosafirishwa isivyo halali kwa kosa la aliyeupeleka nje hurudishwa nchi ulikotoka ndani ya siku 30 tangu nchi hiyo ijulishwe, na wa kwanza kutakiwa kuurudisha ni huyo aliyeupeleka nje.