Si ugali ulioleta ng'ombe

"Daktari, nikila ugali usiku naota nafukuzwa na ng'ombe." Ni mama mmoja anayeuza omena katika soko la Kibuye, na wala hakuwa akitania. Mimi si daktari, ni mtu wa lishe, lakini hapa Kisumu ukishavaa koti jeupe basi.

Nikamwuliza: mama, unakula saa ngapi? Anafunga biashara saa mbili usiku, anafika Nyalenda, ugali unaiva karibu saa nne. Omena wa kukaanga, sukuma, pilipili, halafu kikombe kikubwa cha chai ya maziwa "kuteremsha chakula". Saa nne na nusu yuko kitandani.

Usingizi huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi. Ndani yake kuna kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope, kile ambacho watafiti Aserinsky na Kleitman wa Chicago walikieleza mwaka 1953. Ndoto zetu kali, zenye watu na mbio na vilio, nyingi hutokea hapo, na vipindi hivyo hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Hata anayeapa kwamba haoti kamwe, mara nyingi huota na kusahau. Ukigutuka katikati ya ndoto, unaamka nayo. Ukiendelea kukoroma, inafutika.

Sasa lala na tumbo lililojaa. Mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni, asidi inapanda kifuani, kiungulia kinakuamsha. Chumvi ya omena inaleta kiu. Chai inakupeleka chooni, na kafeini yake haina haraka ya kuondoka: baada ya saa 5 hivi, karibu nusu bado inazunguka mwilini. Mama huyu alikuwa akiamka mara tatu, nne kwa usiku. Ugali haukumletea ng'ombe. Ulimwamsha tu, akamkuta ng'ombe keshafika.

Maziwa nayo yana kesi yake. Mwaka 2025 mtafiti wa ndoto Tore Nielsen wa Montreal na wenzake walichapisha majibu ya wanafunzi zaidi ya 1,000 wa Kanada, na wale ambao maziwa huwasumbua tumbo ndio walioelekea kuripoti majinamizi zaidi. Ni maelezo ya watu wenyewe, hakuna aliyelazwa maabara, kwa hiyo siyabebi kama msahafu. Ila yanapatana na ninayoyasikia kliniki. Wengi wetu tukishakuwa watu wazima hatumeng'enyi vizuri sukari ya maziwa. Gesi na msokoto wa tumbo huja usiku, na mtu analaumu jirani. Mala au mursik, yaani maziwa yaliyochachushwa, huwa nafuu, maana bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo.

Pombe ni kinyume kidogo. Ukilala na busaa kichwani, nusu ya kwanza ya usiku ndoto hubanwa. Kilevi kikiisha, zinarudi kwa fujo kabla ya jogoo.

Kuna jambo moja ambalo watu wa kanda hii hawahitaji kusimuliwa sana. Waliotumia efavirenz zamani, ile dawa ya ARV, wanazijua ndoto zake. Waliambiwa waimeze wakati wa kulala bila chakula, kwa sababu mlo wa mafuta huongeza kiasi cha dawa kinachoingia kwenye damu, na madhara nayo yanaweza kuongezeka. Hapo kweli chakula kilikuwa na mkono. Kama unatumia dawa na ndoto zimebadilika, mwulize aliyekuandikia, usiiache kimyakimya.

Mama wa omena sikumnyima ugali, angenicheka. Tulikubaliana ale saa moja jioni palepale sokoni, na chai ihamie asubuhi. Aliporudi baada ya wiki tatu nikamwuliza habari za ng'ombe.

"Yupo, lakini siku hizi ananifukuza Jumamosi tu."

Jumamosi, kumbe, huwa ana matanga, na nyama ya matanga huiva usiku wa manane.