Kiungo Kinapoumia: Yanayosemwa na Yanayotokea Mwilini

"Mtu mzima anazimiaje kwa kuteguka mguu? Ni uoga tu."

Kati ya kauli zinazosemwa mtu akiumia kiungo, naanza na hii kwa sababu ndiyo inayoumiza zaidi: inamwongezea aibu mtu ambaye tayari yuko kwenye maumivu. Mchezaji anatua vibaya, kifundo cha mguu kinapindia ndani, na muda si mrefu uso umempauka, jasho baridi linamtoka kwenye paji la uso, anataka kutapika. Wenzake wanamwambia ajikaze.

Hapo hakuna cha kujikaza. Maumivu makali ya ghafla yanaweza kuchochea neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo na kushuka hadi moyoni na tumboni. Mapigo ya moyo yanapungua, mishipa ya damu inalegea, shinikizo linashuka, na kwa muda mfupi ubongo unapungukiwa damu. Haya yote yanatokea bila mtu kuamua, na hayapimi ushujaa wa yeyote. Mlaze chali, muinue miguu kama jeraha linaruhusu, mpe nafasi ya kupumua hadi rangi imrudie. Kumsimamisha na kumtembeza "ili damu izunguke" ndiko kutakakomwangusha, na safari hii huenda akapiga kichwa chini. Akizimia na asizinduke upesi, hiyo ni dharura.

"Kama lingekuwa jeraha kubwa, angelia."

Maumivu si rula ya kupimia jeraha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Mmarekani Henry Beecher aliwahoji askari waliojeruhiwa vibaya, akakuta wengi wao walisema hawahitaji dawa ya maumivu wakati huo. Kwenye viungo mambo ni hayo hayo. Mtu aliye katikati ya mchezo, adrenalini ikiwa juu, anaweza kuendelea kukimbia na goti lililoharibika, kisha usiku asiweze kushuka kitandani. Kano, yaani utepe mgumu unaounganisha mfupa na mfupa, ikichanika nusu huweza kuuma kuliko iliyokatika kabisa, kwa kuwa nyuzi zilizobaki bado zinavutwa kila kiungo kinaposogea. Nalo gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, halina neva. Linaweza kulika bila lenyewe kuuma.

"Ukiweza kukisogeza, mfupa haujavunjika."

Si kweli. Kuna watu wametembea siku kadhaa na mfupa uliopata ufa. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni za kuamua nani apigwe eksirei ya kifundo cha mguu, na kuchezesha vidole hakumo. Wanaangalia kama mtu anaweza kupiga hatua 4, tangu pale alipoumia na tena mbele ya mtabibu. Kisha wanabonyeza mfupa wenyewe, ukingo wa nyuma na ncha ya kila nundu ya kifundo, ya ndani na ya nje. Kama hawezi kupiga hatua hizo, au mfupa unauma ukibonyezwa hapo, eksirei inahitajika.

"Uvimbe ni adui, lazima uondolewe haraka."

Uvimbe ni kazi imeanza. Mishipa midogo ya damu inapanuka na kuvujisha majimaji, chembe nyeupe za damu zinaingia ndani ya saa chache, na zinazofuata zinakula mabaki ya nyuzi zilizochanika. Bila usafi huo, hakuna mahali pa kujengea kolajeni mpya, protini inayounda nyuzi za kano. Mmarekani Gabe Mirkin, daktari aliyeeneza mwaka 1978 ushauri wa kupumzisha, kuweka barafu, kubana na kuinua, baadaye alibadili msimamo wake mwenyewe na kusema barafu na pumziko kamili vinaweza kuchelewesha kupona. Barafu bado inatuliza maumivu, nami sioni ubaya wa kuiweka kwa dakika chache juu ya kitambaa. Ila tusidhani inaponya.

Cha kutazama ni kasi. Goti likijaa ndani ya saa 2 hivi, mara nyingi ni damu imemwagika ndani ya kiungo, na kano kubwa huenda imekatika. Likivimba polepole hadi kesho yake, kwa kawaida ni ute wa kiungo ulioongezeka. Kukanda kwa nguvu au kwa maji ya moto siku hiyo hiyo kunaongeza kuvuja. Na vilio la damu, ile alama nyeusi chini ya ngozi, likishuka hadi vidoleni, jeraha halijasambaa. Damu imefuata mteremko tu.

"Paja limelegea kwa sababu hataki kufanya mazoezi."

Hili wengi hawalijui, na wagonjwa wanalaumiwa bure. Goti likivimba, neva zilizomo ndani yake zinapeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo unapunguza amri kwa misuli ya mbele ya paja. Watafiti wamedunga maji ya chumvi kwenye magoti mazima, yasiyo na jeraha, na misuli ikapungua nguvu hata pasipo maumivu. Mwambie mgonjwa akaze paja akiwa amenyoosha mguu kitandani: utamwona anakunja uso kwa juhudi, na msuli ulio juu ya goti hautikisiki. Anajaribu kweli. Ndiyo maana mtaalamu wa fiziotherapia huanza na mazoezi madogo ya kukaza huko huko kitandani, kabla hajamruhusu kuchuchumaa.

"Maumivu yameisha, kiungo kimepona."

Kwa jeraha dogo maumivu hupungua baada ya wiki chache, lakini kolajeni inayowekwa mwanzoni ni dhaifu na imekaa ovyo. Kupangwa na kuimarishwa kwake huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Zaidi ya hapo, kano zina vihisi vinavyouambia ubongo kiungo kimekaa vipi, navyo huharibika pamoja nazo. Simama kwa mguu mzima, fumba macho, hesabu sekunde, kuwe na ukuta wa kushika karibu. Kisha simama kwa ule uliowahi kuumia. Ukiyumba mapema, mazoezi ya mizani bado yanahitajika kabla ya kurudi kukimbia, hata kama husikii maumivu yoyote.