Je, wajua kwa nini kitambaa cha dari ya gari hushuka hata gundi ikiwa bado imeshika?

Kitambaa cha dari kikianza kuning'inia na kugusa nywele za dereva, lawama ya kwanza huangukia gundi. Mwenye gari hununua kopo la kupulizia, huinua ukingo wa kitambaa, hupuliza ndani na kukandamiza kwa kiganja. Baada ya siku chache, dari imeshuka tena.

Kibandue kitambaa chote ukitazame kwa nyuma. Utakuta unga wa rangi ya kahawia au chungwa unaopukutika na kuganda vidoleni. Wengi hudhani hayo ni mabaki ya gundi, kumbe ni sponji. Kwa kawaida kitambaa cha dari hutoka kiwandani kikiwa na tabaka jembamba la sponji ya poliurethani mgongoni, na sponji hiyo ndiyo inayobandikwa kwenye ubao wa dari. Joto na unyevunyevu wa miaka mingi huila mpaka ikawa unga. Kwenye ubao, gundi ya zamani mara nyingi bado iko palepale, imeng'ang'ania utando wa sponji. Gundi haikushindwa, kilichooza ni kile ilichokuwa imekishika. Kupulizia gundi mpya juu ya unga huo ni kubandika karatasi kwenye mchanga. Unga wote usuguliwe utoke, huku umevaa barakoa, na kitambaa kiwe kipya chenye sponji yake.

Kwa hiyo swali la "gundi ipi ni nzuri?" halina jibu mpaka useme unabandika nini, na wapi.

Joto ndilo la kuanza nalo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, watafiti wa vyuo vikuu viwili vya Marekani walipima magari yaliyoegeshwa juani kwa saa moja huko Tempe, Arizona, wakati wa kiangazi. Hewa ya ndani ilifika wastani wa nyuzi 47 za Selsiasi, viti 51, na dashibodi 69. Dari nayo iko chini ya bati linalopigwa na jua, na uzito wa kitambaa unaivuta chini usiku na mchana. Gundi za kupulizia za karatasi na mabango hulegea kwenye joto la namna hiyo. Soma kopo: tafuta iliyoandikwa kwamba ni ya dari za magari, au inayohimili nyuzi 70 na kuendelea.

Nyingi za gundi zinazofaa hupakwa pande zote mbili, kama ile ya manjano ya mafundi viatu. Hutengenezwa kwa neoprini, mpira wa viwandani uliogunduliwa katika kampuni ya DuPont mwaka 1930. Hapa haraka ndiyo inayoharibu. Paka ubao, paka kitambaa, kisha subiri. Gusa kwa mgongo wa kidole: ikinata kidogo bila kukuachia uzi wa gundi, iko tayari. Ukiwahi, kiyeyusho, yaani majimaji ya gundi yanayopaswa kuvukiza, hunaswa ndani, na gundi mbichi hupenya hadi upande wa mbele wa kitambaa na kuacha doa lisilotoka. Pande mbili zikishagusana hakuna kusogeza tena, kwa hiyo kunja kitambaa nusu, anzia katikati ya ubao, na nyoosha kwa kiganja kuelekea kingo.

Neoprini ina adui wake: ngozi bandia ya PVC. Ngozi hiyo hulainishwa kwa kemikali ya mafutamafuta ambayo haitulii. Taratibu huhamia kwenye gundi na kuifanya ute. Ukiona ngozi ya mlango imebanduka kingoni na chini yake kuna utelezi kama wa ubani uliotafunwa, umekutana na kemikali hiyo. Kwa kazi hiyo tafuta gundi ya nitrili au ya poliurethani. Plastiki yenye alama ya PP (polipropilini) nayo hukataa karibu gundi zote mpaka ipakwe praima, yaani dawa ya kwanza ya kuisaidia gundi ishike. Polistirini, ile nyeupe ya kufungashia, huyeyuka ikiguswa na viyeyusho vikali, basi jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana. Supaglu iache kabisa: ikikauka ni ngumu kama kioo, na gari halikosi mtikisiko.

Viti je? Watu huuliza gundi ya kurudishia viti, lakini kiti kizima hakishikwi na gundi. Kinafungwa sakafuni kwa bolti, zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha ufundi cha gari, si kwa kukisia. Hata kava lake kwa kawaida huvutwa na kubanwa kwa vipete vya chuma kwenye waya uliomo ndani ya sponji. Gundi inaingia pale tu unapounga sponji iliyochanika, na ipakwe nyepesi, la sivyo hukauka ikawa donge utakalolikalia kila siku.

Kabla ya kugusa mgongo wa kiti, tazama ubavuni kama kuna kibandiko cha mfuko wa hewa (airbag), ule unaofumka kumkinga mtu wakati wa ajali. Katika viti vingi vya aina hiyo mshono wa kava umeshonwa makusudi uchanike mfuko unapofumka. Ukiugandisha kwa gundi, au ukaushona upya kwa uzi mgumu, mfuko hautapata pa kutokea.