Magnesiamu yenyewe: namba ya kusoma nyuma ya kopo

Mzee mmoja alifika famasi kwetu, karibu na soko la Majengo hapa Dodoma, akiwa na makopo mawili ndani ya mfuko wa rambo. Moja aliletewa na mwanawe kutoka Dar, la pili alilinunua mwenyewe. Akayapanga kaunta. "Mjukuu wangu, hili limeandikwa 500, hili 1000. Nikimeza hili la 1000 si nitakuwa nimepata mara mbili?"

"Hapana babu. Hili la 1000 ndilo lenye magnesiamu kidogo."

Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwonyeshe. Nilichomwonyesha ndicho ninachotaka kukieleza hapa, kwa sababu sijaona neno linalowachanganya wanunuzi wa vidonge hivi kuliko hili: magnesiamu yenyewe.

Magnesiamu ni madini, na hakuna anayeimeza ikiwa peke yake. Ndani ya kidonge imeshikamana na kitu kingine. Ikishikamana na oksijeni tunaiita oksaidi. Ikishikamana na asidi ileile inayotia ukali ndimu na limau, ni sitreti. Ikishikamana na glisini, ambayo ni kijenzi kimojawapo cha protini, ni glisineti. Uzito wa mchanganyiko wote ni jambo moja, na uzito wa magnesiamu iliyomo ni jambo jingine. Huo wa pili ndio magnesiamu yenyewe, na ndio unaohesabiwa mwilini. Kwenye lebo za Kiingereza utaukuta umeandikwa "elemental".

Mnunuzi wa karanga pale Kongwa analijua jambo hili bila kufundishwa. Hawezi kulipa bei moja kwa gunia la karanga za maganda na gunia la zilizobanguliwa, maana anajua sehemu ya uzito ni maganda. Kwenye vidonge, "maganda" hayo hutofautiana sana. Katika miligramu 100 za oksaidi, magnesiamu yenyewe ni kama 60. Katika miligramu 100 za sitreti ni kama 16, za glisineti kama 14, na za kloraidi, yaani iliyoshikamana na klorini, kama 12. Kopo la mzee la 500 lilikuwa oksaidi, kwa hiyo kidonge kimoja kilibeba miligramu 300. Lile la 1000 lilikuwa glisineti, likabeba 140. Na hizo 140 zilikuwa za kapsuli mbili, si moja. Ilikuwa imeandikwa nyuma kwa herufi ndogo, mstari wa juu kabisa wa jedwali: kipimo ni kapsuli mbili. Yeye alikuwa anameza moja.

Kwa hiyo geuza kopo. Mbele ni tangazo, nyuma ndiko kuna hesabu. Tafuta kwanza kipimo kimoja ni vidonge vingapi, kisha tafuta mstari wa magnesiamu na usome miligramu zake. Kama nyuma hakuna mstari unaotaja magnesiamu peke yake, mimi binafsi ningelirudisha kopo hilo kwenye rafu.

Usikimbilie kusema basi oksaidi ndiyo bora kwa kuwa imebeba nyingi. Ponda kidonge cha oksaidi, kitie kwenye glasi ya maji, ukoroge, ukiache. Baada ya muda utaona unga mweupe umetuama chini kama chokaa. Haiyeyuki vizuri, na isiyoyeyuka vizuri hufyonzwa kidogo. Inayobaki utumbo mpana huvuta maji, ndipo mtu anaanza kuharisha. Mwenye choo kigumu anaweza kuifurahia hali hiyo, ila aliyekusudia kuongeza madini mwilini amepata safari za chooni. Sitreti na glisineti hufyonzwa vizuri zaidi, na glisineti kwa wengi haisumbui tumbo sana. Mwili pia hufyonza sehemu kubwa zaidi ya dozi ndogo kuliko ya dozi kubwa, kwa hiyo kumeza 100 asubuhi na 100 jioni, pamoja na chakula, kuna faida kuliko kubugia 200 kwa mkupuo.

Nieleze na mkanganyiko mwingine, maana huu nakutana nao karibu kila siku. Mtu akisema "nipe magnesium" kwenye duka la dawa muhimu, mara nyingi atapewa vile vidonge vyeupe vya kutafuna vya kiungulia. Hivyo vina magnesiamu trisiliketi pamoja na alumini haidroksaidi, na kazi yake ni kupoza asidi ya tumbo. Si virutubisho. Nimewahi kumpokea mama aliyevitafuna wiki nzima akitibu misuli kukaza. Sema waziwazi unachotaka: virutubisho vya magnesiamu, au dawa ya kiungulia. Na ile magnesiamu salfeti wanayochomwa wajawazito wenye kifafa cha mimba ni dawa ya hospitali, haihusiani na makopo haya.

Mtu anahitaji kiasi gani? Kwa viwango vya Marekani, mwanamume mtu mzima anahitaji miligramu 400 hadi 420 kwa siku, na mwanamke 310 hadi 320, akiwa mjamzito zaidi kidogo. Hiyo ni jumla, chakula kikiwemo. Ile inayotoka kwenye vidonge peke yake wanashauri isizidi 350 kwa siku, na Ulaya wamekuwa wagumu zaidi, wanasema 250. Hapo utaona kwamba hata vidonge viwili vya oksaidi vya yule mzee vingemvusha mpaka.

Na kwa chakula, sisi wa Dodoma hatuna sababu ya kulia njaa ya madini haya. Gramu 100 za ufuta zina kama miligramu 350, karanga kama 170, na mtama usiokobolewa haziko mbali na hapo. Ugali wa uwele kwa mlenda uliotiwa karanga, chakula ambacho vijana wengine wanakionea haya mbele ya wageni, una magnesiamu kuliko sahani ya sembe nyeupe, kwa sababu sehemu kubwa ya madini ya nafaka iko kwenye pumba na kiini, vile vinavyobaki mashineni. Hata maji magumu ya visima, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, ugumu wake ni kalsiamu na magnesiamu.

Wanaopungukiwa kweli wapo. Ni wenye kuharisha kwa muda mrefu, wanywaji wa pombe nyingi, wenye kisukari kisichodhibitiwa, wanaomeza dawa za kukojoza maji kama furosemidi, na waliotumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kwa muda mrefu. Kipimo cha damu husaidia ila hakimalizi neno, maana magnesiamu iliyo kwenye majimaji ya damu haifiki hata asilimia 1 ya yote iliyomo mwilini. Zaidi ya nusu iko kwenye mifupa. Kuhusu misuli kukaza usiku, ambayo ndiyo inayowaleta wazee wengi kwetu, tafiti zilizofanywa kwa watu wazima hazikuonyesha nafuu ya maana. Namweleza mteja hivyo hata kama ameshatoa pesa mfukoni.

Kuna watu ambao siwauzii bila neno la daktari: wenye ugonjwa wa figo. Figo nzima hutoa magnesiamu iliyozidi kwenye mkojo. Figo iliyochoka haiwezi, nayo hujikusanya kwenye damu hadi mtu analegea, anasinzia, presha inashuka na mapigo ya moyo yanapungua. Wengi wenye presha ya muda mrefu hawajui hali ya figo zao, kwa hiyo naomba wapime kwanza.

Lipo pia suala la kugongana na dawa. Magnesiamu hushikana na baadhi ya dawa tumboni na kuzizuia zisifyonzwe. Antibayotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini zimo, na levothairoksini, dawa ya tezi ya shingoni, inataka nafasi ya saa nne. Kubwa zaidi hapa kwetu ni dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge kimoja kimoja wanachomeza kila siku wengi wanaoishi na VVU. Hiyo imezwe saa mbili kabla ya magnesiamu au saa sita baada yake. Kama kidonge chako ni cha saa 2 usiku, magnesiamu isivuke saa 8 mchana. Huhitaji kumweleza muuzaji habari zako mbele ya foleni. Muulize tu kwa sauti ya chini, au shika saa hizo.

Kati ya tableti na kapsuli, madini ni yaleyale. Tableti huwa ngumu na kubwa, nyingine zina mstari katikati wa kuzikata. Ila zilizotengenezwa kuachia dawa polepole usizikate wala kuzitafuna. Kapsuli humezeka kwa urahisi, lakini ganda lake mara nyingi ni jelatini ya ng'ombe au nguruwe, na lebo hulitaja. Waislamu na Wasabato huniuliza hilo, nami huwatafutia zenye ganda la mimea.

Yule mzee tulikubaliana aliache kopo la oksaidi na kwanza apime figo, maana presha anayo tangu zamani. Lile la glisineti alikuwa analiweka dirishani, juani. Nikamwomba alihamishie kabatini, penye kivuli, na kile kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu akiache humohumo.