Uma Mrefu wa Springi kwenye Fremu ya Zamani: Dhana Potofu na Ukweli

Anayetafuta uma wa springi, sehemu inayoshika gurudumu la mbele, kwa baiskeli yake ya milimani hutazama kwanza mwendo wa springi, yaani umbali ambao uma unaweza kuzama, kama milimita 80, 100 au 130, kwa sababu hiyo ndiyo namba inayotangazwa. Humo ndimo inamozaliwa dhana potofu iliyo kubwa kuliko zote, kwamba uma wenye mwendo sawa na wa ule wa zamani uliotolewa lazima utaikaa fremu vilevile. Kinachoihusu fremu hasa ni urefu wa uma kuanzia katikati ya ekseli ya gurudumu hadi begani, pale inapokaa beringi ya chini ya usukani. Uma wa milimita 100 uliotengenezewa gurudumu la inchi 29 huweza kuuzidi kwa takriban milimita 30 ule wa mwendo huohuo wa gurudumu la inchi 26, kwa kuwa gurudumu kubwa linahitaji nafasi zaidi chini ya bega.

Wengi hudhani pia kwamba uma mrefu huinua usukani tu. Ukweli ni kwamba fremu nzima huzunguka juu ya ekseli ya nyuma: kila milimita 20 zinazoongezeka hulaza pembe ya usukani (mwinamo wa bomba la fremu linaloshika uma) na ya kiti kwa takriban digrii 1, na ekseli ya pedali hupanda kwa milimita 7 au 8. Baiskeli hutulia zaidi kwenye miteremko, lakini kwenye mlima mkali uzito wa mpandaji hurudi nyuma na gurudumu la mbele huanza kutangatanga. Hata hivyo siwaungi mkono wanaokataza badiliko lolote, maana fremu ya zamani yenye pembe ya usukani ya digrii 71 mara nyingi hunufaika inapolazwa kidogo.

Hesabu yenyewe hukosewa mara kwa mara. Springi huzama mpandaji anapoketi, na ikizama kwa robo ya mwendo wake, tofauti ya milimita 30 kati ya uma wa 100 na wa 130 hubaki 22.5. Nafuu hiyo haitoshi kwa fremu za mwishoni mwa miaka ya 1980, ambazo nyingi zilisanifiwa kwa uma usio na springi kabisa. Hata RockShox RS-1, uma wa springi uliotoka wakati huo, ulikuwa na mwendo usiofika milimita 50.

Dhana ninayoiona kuwa ya hatari ni ile isemayo kwamba springi ndefu huipunguzia fremu mzigo, kwa hiyo haiwezi kuidhuru. Springi hulainisha mtikisiko, ni kweli, lakini breki ya mbele inapobanwa au gurudumu linapogonga jiwe, uma hufanya kazi ya wenzo dhidi ya bomba la usukani, lile bomba fupi la mbele ya fremu, na wenzo mrefu hukaza zaidi. Isitoshe, uma mzuri humtia mpandaji moyo wa kwenda kasi mahali ambapo zamani alishuka akatembea. Alumini huchoka kidogo kidogo kwa kila mzigo unaojirudia, na ufa huanzia mara nyingi chini ya bomba la chini, karibu na weldi ya bomba la usukani. Pakaguliwe hapo kabla ya kununua chochote.

Kuhusu shina la uma, yaani sehemu yake ya juu inayopita ndani ya bomba la usukani, si kweli kwamba adapta hutatua kila kitu. Shina lililonyooka lina kipenyo cha milimita 28.6, ilhali lile linalopanuka chini hufikia 38.1, nalo haliingii kwenye bomba la usukani lenye kipenyo cha ndani cha milimita 34. Bomba la milimita 44 hulipokea kwa kikombe cha beringi kinachotokeza nje chini yake, na kikombe hicho nacho huinua mbele ya baiskeli, hivyo unene wake uingizwe katika hesabu ya urefu.

Wapo, mwisho, wanaopunguza hewa ya springi wakidhani wameufupisha uma. Huo huzama zaidi tu, hugonga mwisho wa mwendo upesi, na hurudia urefu wake wote gurudumu linapoachwa huru. Uma mwingi wa hewa hufupishwa ipasavyo kwa kubadilisha fimbo ya ndani au kuongeza vipande vya kuzuia mwendo, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji.