Asali ya Sikonge iliyoganda, na kwanini siwezi kuiita feki

Jumatatu nafika chuoni saa moja na nusu nakuta kwenye benchi nje ya maabara kuna dumu la lita 20, pembeni yake kakaa mzee mmoja, baba wa mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili, katoka Sikonge na basi la kwanza. Nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, alafu akanyoosha kidole kwenye dumu akasema wamenirudishia. Mnunuzi wa mjini kafungua mfuniko kaona asali imeganda kama samli ya asubuhi, kamwambia mzee umechakachua, umeweka sukari. Mzee anarina tangu kijana, mizinga yake ya magome iko ndani kabisa porini, na neno lile lilikuwa limemkaa kifuani, unaona kabisa.

Mimi nafundisha mambo ya ubora wa mazao ya nyuki hapa Tabora kwenye chuo kidogo tu, na hili la asali kuganda nimelieleza darasani mpaka sauti imekauka, leo nataka niliandike.

Asali karibu yote ni sukari, ila ni sukari ya nyuki mwenyewe. Kwa wastani fruktosi ni kama asilimia 38, glukosi kama 31, maji kama 17, vinavyobaki ni vitu vingine vidogo vidogo. Sasa glukosi inayeyuka kwa shida kuliko fruktosi, na humo ndani maji ni machache mno kuibeba yote, kwahiyo ikipata nafasi inajitoa inakuwa chembe, chembe moja inaita nyingine, hata kipunje cha chavua, ule unga wa maua, au cha nta kinatosha kuianzisha. Joto la karibu nyuzi 14 ndo inaganda haraka zaidi, na anayeujua usiku wa Tabora mwezi wa sita na wa saba hana haja ya kuuliza asali ya msimu mkubwa wa kurina inaganda kwanini. Asali yenye glukosi nyingi inawahi, yenye fruktosi nyingi inakaa miezi bila kushika, inategemea nyuki walikula maua gani. Yaani kuganda kunakwambia habari ya maua na baridi, hakukwambii kama mtu kachakachua.

Na vile vipimo vya mtaani jamani. Njiti ya kiberiti unachovya kwenye asali ikiwaka ni orijino, hapana, inategemea njiti imelowa kiasi gani. Kudondosha kwenye glasi ya maji ikizama bila kutawanyika, hata sirapu nzito ya sukari inazama hivyohivyo. Sisimizi hawali asali halisi, hawa sisimizi wa maabara yetu wangekuwa mashahidi wazuri maana tunafunga chupa kwa mfuko na bado wanaingia. Watu wanakosa soko kwa vitu hivi.

Turudi kwa dumu. Tuna rifraktomita ya mkononi, kitu kirefu kuliko kalamu kidogo tu, unaweka tone la asali kwenye kioo, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga unachungulia, unaona mstari unaogawa bluu na nyeupe, pale mstari ulipokata ndo asilimia ya maji. Inafanya kazi kwasababu mwanga unapinda zaidi asali inavyokuwa nzito. Kijana wa mzee mwenyewe akaomba apime yeye. Akachota juu ya dumu palipokuwa na kimaji maji, akasoma, akanyamaza, akanipa nisome: 21 na kidogo. Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya vyakula, kinasema isizidi 20. Nikaona uso wa mtoto ulivyobadilika, baba yake kakaa pale mlangoni anatuangalia.

Lakini hapa ndo penyewe. Glukosi ikiganda inashika maji kidogo tu, yanayobaki yanaachiwa kwenye ile sehemu isiyoganda, kwahiyo kimiminika cha juu kinakuwa na maji mengi kuliko asali ilivyokuwa mwanzo. Ukipima cha juu peke yake unampunja mwenye mali. Tukachukua mwiko mrefu wa mesi, tukaosha tukakausha, tukachota juu, katikati na chini kabisa, tukaweka kwenye chupa tukafunga, chupa tukaiweka kwenye maji ya nyuzi 40 mpaka chembe zote zikaisha, hatuzidishi moto maana moto unaua vimeng'enya na unaongeza ile kemikali ya HMF ambayo wapimaji wanaitumia kujua asali iliyochemshwa au iliyokaa sana. Ikapoa, tukakoroga, tukapima mara tatu. 18.4, 18.4, 18.6. Dogo akatoka nje mbio kumwambia baba yake kabla hata sijaandika kwenye daftari.

Ila nilimwambia mzee ukweli pia, kile kimaji cha juu ni hatari, hamira za asili zilizomo kwenye asali zinaamka pale maji yakizidi, dumu likikaa hivyo litaanza kutoa povu na kuchacha kuanzia juu. Na nikamuuliza anavyorina, akakiri masega mengine anakata kabla nyuki hawajayafunika na nta. Nekta inaingia mzingani imejaa maji, nyuki wanaipepea kwa mabawa usiku kucha mpaka yashuke chini ya asilimia 20, ndo wanafunika. Sega ambalo halijafunikwa ni kazi ambayo nyuki hawajamaliza.

Jioni tukaangalia chavua, tujue nyuki walikula maua gani. Gramu 10 za asali kwenye mililita 20 za maji ya uvuguvugu, unazungusha kwenye mashine, mashapo ya chini unayaweka kwenye kioo chini ya darubini. Umeme ulikatika katikati tukasubiri, wanafunzi wakaenda kula ugali maharage mesi wakarudi saa mbili usiku, hakuna aliyewalazimisha. Tunalinganisha na vioo vyetu wenyewe, maana kila mwaka wanafunzi wakitoka likizo wanarudi na maua ya miti ya porini kwenye bahasha, mtundu, muba, mninga, kila bahasha ina jina la kijiji na tarehe, hiyo ndo maktaba yetu. Chavua nyingi zilifanana na muba, na muba ndo unachanua kuelekea msimu mkubwa, inaendana.

Utafiti wa chuo kidogo uko hivi, unafanyika kati ya vipindi, kati ya kusahihisha mitihani na zamu ya bweni, na mwanafunzi ambaye babu yake anarina anakuja na swali ambalo mimi nisingelifikiria. Kipo tusichoweza. Kumkamata aliyechanganya sukari ya miwa kwa ustadi kunahitaji kupima kaboni, kwasababu miwa na mahindi yanakamata kaboni kwa njia tofauti na miti ya miombo, hii ya misitu yetu ya huku, na mashine yake hatuna. Kwahiyo barua niliyompa mzee imesema tulichokiona tu: maji 18.4 mpaka 18.6, kimeng'enya cha diastasi, kile kinachovunja wanga, kipo kinafanya kazi, chavua ni ya miti ya huku, na kuganda sio kasoro.

Akaikunja akaiweka mfuko wa shati. Msimu mdogo wa mwisho wa mwaka ameahidi kuleta sampuli mbili, ya masega yaliyofunikwa yote na ya yale ya nusunusu, chupa zake mbili nimeshaziandika jina ziko kwenye kabati.